Shajara ya Mradi: Metali Zilizoyeyuka Kati ya Mto Rufiji na Bahari

Machi

Mradi wetu una kazi mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni kuandika mwongozo wa Kiswahili utakaowafaa mafundi wa maabara na wanafunzi wanaopima elementi haba zilizoyeyuka majini, yaani shaba, zinki, kadimiamu, risasi, nikeli, manganizi na nyinginezo ambazo lita nzima ya maji hubeba mikrogramu chache tu za kila moja, na mara nyingi nanogramu. Ya pili ni kuandaa mpango wa kuchukua sampuli katika delta ya Rufiji, ambako mto wenye bonde kubwa kuliko yote nchini Tanzania unagawanyika katika matawi mengi na kuingia Bahari ya Hindi kupitia msitu wa mikoko usio na mfano wake kwa ukubwa katika Afrika Mashariki. Shajara hii inaeleza tulipofikia na sababu za kila uamuzi, ili yeyote atakayeupokea mradi huu asilazimike kukisia.

Uamuzi wa kwanza, ambao mingine yote imeufuata, ni kwamba hakuna kipimo cha metali kitakachoingia katika daftari letu bila kipimo cha chumvi kilichochukuliwa katika maji yale yale na kwa saa ile ile. Mlango wa mto ni eneo ambalo maji ya asili mbili yanachanganyika bila kukoma, na kituo kilichotiwa alama kwenye ramani kinaweza kupitiwa na maji ya mto alfajiri, kisha kikafunikwa na maji ya bahari kabla ya adhuhuri. Mtu akipima shaba kituoni hapo mara mbili na kupata majibu yanayopishana sana, huenda hajaonyesha kuongezeka wala kupungua kwa uchafu wowote. Huenda ameonyesha tu kwamba bahari imejaa. Chumvi, kwa upande wake, haizalishwi wala hainyakuliwi njiani kwa kiasi cha kuhesabika, hivyo hubadilika karibu kwa sababu ya mchanganyiko peke yake. Kwa kuipima tunajua ni sehemu gani ya maji yaliyo chupani imetoka mtoni na ni sehemu gani imetoka baharini, na hapo tu ndipo swali lenye maana linapoweza kuulizwa: je, metali iliyomo inalingana na mchanganyiko huo, imezidi, au imepungua?

Katika mwongozo tumeweka hesabu hii mwanzoni kabisa. Tuseme maji ya mto yana vizio 20 vya metali fulani, na maji ya bahari yenye uchumvi wa 35 (yaani takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji) yana vizio 2. Sampuli yenye uchumvi wa 14 ina sehemu mbili kati ya tano za maji ya bahari na sehemu tatu za maji ya mto, kwa hiyo tunatarajia ndani yake vizio 12.8. Tukipata karibu na 12.8, metali hiyo imesafiri pamoja na maji bila kuguswa. Tukipata 16, kuna kitu kinachoiongeza njiani; tukipata 8, kuna kitu kinachoiondoa. Mtu aliyepewa namba 16 peke yake, bila uchumvi wake na bila kuzijua zile ncha mbili, ya mto na ya bahari, anaweza kutangaza kwamba maji yamesafika kwa kuwa 16 ni pungufu ya 20, ilhali kilichotokea ni kinyume chake.

Mfano unaotugusa kwa karibu zaidi ni wa urani. Tangu hazina ya urani ya Mkuju, wilayani Namtumbo, ndani ya bonde la mto Rufiji, ilipoanza kuzungumzwa, ni haki kabisa kwa watu wa pwani kuuliza kuhusu maji yao. Ila maji ya bahari kuu popote duniani yana urani iliyoyeyuka ya takriban mikrogramu 3.3 kwa lita, nayo mito mingi ina sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Hivyo katika delta iliyo salama kabisa, urani itaonekana ikipanda kadiri mtu anavyokaribia bahari, kwa sababu bahari yenyewe ndiyo inayoileta. Molibdenamu hufanya vivyo hivyo, ikifikia karibu mikrogramu 10 kwa lita baharini. Mtafiti asiyeichora urani dhidi ya chumvi anaweza kuwatia watu hofu isiyo na msingi, au, jambo lililo baya zaidi, anaweza kuzoea kuona urani mdomoni mwa mto na kutotambua siku itakapozidi mstari wake wa mchanganyiko.

Aprili

Mwezi huu umekwenda kwa sura inayoeleza jinsi metali inavyopotea kutoka katika maji yaliyochujwa. Kielelezo chetu ni chuma. Katika miaka ya 1970 mtafiti Edward Sholkovitz alichukua maji ya mito ya Uskoti, akayachuja, akayachanganya na maji ya bahari yaliyochujwa pia, na akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya chuma kilichohesabiwa kuwa kimeyeyuka iligandamana papo hapo na kuwa vitonge vidogo. Shaba na nikeli zilifuata kwa sehemu, na kadimiamu haikufuata ila kidogo sana. Sababu ni kwamba chuma cha mtoni mara nyingi hakijayeyuka kikamilifu. Husafiri kama chembe ndogo mno, zilizovikwa mabaki ya mimea iliyooza, zikiwa na chaji hasi inayozifanya zikimbiane, na zikikutana na kalsiamu na magnesiamu ya bahari chaji ile hufunikwa, chembe hushikamana na kuzama.

Jambo hili linatudai uangalifu katika maneno. Kwa desturi huitwa kimeyeyuka kila kinachopita katika chujio la mikromita 0.45, lakini mpaka huo uliwekwa na binadamu kwa ajili ya urahisi wa kazi, na chembe nyingi za chuma hupita. Tumekubaliana kuandika daima ukubwa wa tundu la chujio pembeni mwa jibu, na kuchuja ndani ya muda mfupi baada ya kuteka, kwa kuwa metali huendelea kuhama kati ya maji na tope ndani ya chupa yenyewe hata baada ya kifuniko kufungwa.

Mei

Sura ya nyongeza imechukua nafasi kubwa kuliko tulivyopanga, na sioni sababu ya kuipunguza, kwa kuwa ndani yake kuna kisa ambacho kila anayepima maji ya mlango wa mto anapaswa kukijua. Kisa hicho ni cha Gironde, mlango wa mto ulioko kusini-magharibi mwa Ufaransa.

Mbali sana na bahari, katika eneo la Decazeville, kulikuwa na kiwanda cha zinki kwenye kijito cha Riou Mort. Madini ya zinki huwa na kadimiamu ndani yake, na mabaki ya kiwanda yaliyokuwa yamerundikwa hapo yaliivujisha kwa miongo mingi. Kutoka Riou Mort kadimiamu iliingia mto Lot, kutoka Lot ikaingia Garonne, na Garonne ikaishusha hadi Gironde, safari ya zaidi ya kilomita 300. Njia yote hiyo sehemu kubwa yake ilisafiri ikiwa imenata juu ya chembe za udongo, na maji yenyewe, yakichujwa, yalionyesha kiasi kidogo. Mambo yalibadilika chembe zile zilipofika kwenye chumvi. Ayoni (chembe zenye chaji) za kloraidi, ambazo maji ya bahari yana wingi wake, huishika kadimiamu na kuunda nayo mchanganyiko unaoyeyuka vizuri, na hivyo kuibandua kutoka kwenye udongo. Ukichora kadimiamu iliyoyeyuka ya Gironde dhidi ya uchumvi, huoni mstari unaoshuka kutoka mtoni kwenda baharini, unaona kilima. Upande wa mto iko chini, upande wa bahari iko chini, na katikati, kwenye maji ya chumvi ya wastani, imepanda juu kabisa.

Walioumia kwanza walikuwa chaza. Chaza huchuja maji mengi kila siku na kuihifadhi kadimiamu mwilini, na chaza wa Gironde walikutwa na kiasi kilichozidi mno kinachoruhusiwa kwa chakula, hata uvunaji wao ndani ya mlango huo ukapigwa marufuku. Mwaka 1986 ajali katika eneo la kiwanda ilimwaga kadimiamu nyingi mtoni kwa mkupuo, na mwaka uliofuata usafishaji wa zinki kutoka kwenye madini ghafi ulikomeshwa hapo. Hata hivyo tope lililokwisha kutua nyuma ya mabwawa ya mto Lot limebaki kuwa ghala, na kila mafuriko yanayolitibua huipeleka sehemu yake baharini.

Ninalotaka msomaji wa mwongozo alishike ni kwamba maji yaliyopimwa penye chumvi sifuri, hata yakiwa safi kiasi gani, hayatoshi kuwahakikishia usalama watu wanaoishi kwenye chumvi ya 15. Wavuvi wetu wa kamba na wanawake wanaookota chaza na kombe katika hori za mikoko wanafanya kazi katika eneo lile lile la kilima. Tukipima Rufiji kwenye daraja na kuishia hapo, tutakuwa tumepima mahali ambapo hakuna anayekula kinachotoka majini humo kwa wingi kama wanavyokula watu wa delta.

Bariamu nayo huonyesha kilima cha namna hii katika milango ya mito mingi, ukiwemo wa Mississippi, kwa sababu ayoni za bahari huifukuza kutoka kwenye udongo. Haina madhara ya kadimiamu kwa kiasi hicho, na kwa hiyo tutaitumia kama shahidi: kilima cha bariamu kisipoonekana katika maji ya masika yenye tope jingi, tutachunguza kwanza kazi yetu ya maabara kabla ya kuanza kutafuta maelezo mengine.

Juni

Sura ya usafi imekamilika. Huenda ikawachosha baadhi ya wasomaji, lakini historia ya fani hii inadai iwe ndefu. Hadi miaka ya 1970 sehemu kubwa ya vipimo vya risasi na zinki katika maji ya bahari duniani ilikuwa na makosa makubwa, kwa kuwa metali iliyopimwa ilitoka kwenye chupa, kwenye meli, kwenye asidi na kwenye vumbi la maabara. Clair Patterson, aliyeukadiria umri wa dunia kwa kutumia risasi, ndiye aliyeonyesha kwa ukali jinsi wanakemia walivyokuwa wakipima uchafu wao wenyewe, na kizazi kilichomfuata, akiwemo Kenneth Bruland wa California, kilipoanza kufanya kazi katika vyumba safi, viwango vya metali nyingi baharini vilishuka mara kumi, mara mia na zaidi. Maji hayakuwa yamesafishwa na mtu.

Utaratibu tulioandika ni huu. Chupa ni za plastiki ya polithini, zimelowekwa katika asidi na kusuuzwa kwa maji yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu, kisha kila moja imetiwa ndani ya mifuko miwili. Kwenye chombo wanafanya kazi watu wawili: mmoja anashika mfuko wa nje na kila kitu kingine, na mwingine hagusi kitu ila mfuko wa ndani na chupa. Glavu ziwe zisizo na poda, kwa sababu poda ya glavu mara nyingi huwa na zinki. Maji yatekwe upande unaotoka mkondo, chombo kikiwa kimeelekea huko, ili kisichotoka kwenye chombo ndicho kiingie chupani. Injini ya boti ina vipande vya zinki vilivyowekwa makusudi viliwe na kutu badala ya chuma, na rangi inayopakwa chini ya boti nyingi ili viumbe visishike ina shaba. Kwa hiyo, kwa kazi hii, mtumbwi wa kuchonga unaosukumwa kwa pondo ni chombo bora kuliko boti ya fibagilasi yenye injini, na tumeandika hivyo bila kusita, kwani mafundi wetu wanaweza kuupata katika kijiji chochote cha delta.

Asidi ya nitriki itakayoongezwa baada ya kuchuja iwe ya daraja la usafi wa juu kabisa, na chupa zilizojazwa maji safi ya maabara zisafiri safari nzima, zifunguliwe na kufungwa kama sampuli, ili tujue safari yenyewe imeongeza nini.

Kuhusu mashine ya kupimia, onyo moja limeandikwa kwa herufi nzito. Spektromita ya masi yenye plazima, inayotambua elementi kwa uzito wa atomi zake, hutumia gesi ya argoni. Ndani ya plazima argoni huungana na sodiamu ya maji ya chumvi na kufanya chembe yenye uzito wa 63, ambao ndio uzito wa shaba inayopimwa mara nyingi; argoni ikiungana na klorini hufanya uzito wa 75, ambao ni wa aseniki. Mtu akiyapitisha maji ya chumvi moja kwa moja kwenye mashine bila kinga, atapata shaba na aseniki zinazopanda kwa uzuri pamoja na uchumvi, mstari ulionyooka kabisa, na hakuna hata chembe ya ukweli ndani yake. Hapa ndipo kupima chumvi peke yake hakutoshi kumwokoa mtafiti. Tumeamua kuitenganisha metali na chumvi kwanza kwa kuipitisha kwenye utomvu maalumu unaoshika metali na kuiacha sodiamu ipite, na kila siku ya kazi kupima pia maji rejea ya mlango wa mto yanayotayarishwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, ambayo majibu yake yanajulikana.

Julai

Tumefanya safari ya maandalizi kutoka Nyamisati, bila kupima metali yoyote. Tulikuwa na kipimo cha chumvi, cha joto na cha ukungu wa maji, na nia yetu ilikuwa kujua ni wapi chumvi za kila ngazi zinapatikana, kwa kuwa sampuli zetu zitapangwa kwa uchumvi: tunataka kuteka kwenye sifuri, kisha kwa ngazi zinazokaribiana hadi kwenye 35, na kuongeza idadi kati ya sifuri na 10, ambako chuma huanguka na udongo huanza kubanduliwa metali zake. Vituo vilivyopangwa kwa kilomita sawasawa kwenye ramani vingetuachia pengo hapo hapo penye mambo mengi.

Nilimuuliza nahodha wetu, mzee aliyezaliwa kandokando ya tawi la Simba Uranga, "Mzee, maji ya chumvi huishia wapi?" Akanijibu, "Mwanangu, unaniuliza ya bamvua au ya maji mafu? Ya masika au ya kusi?" Maswali yake mawili yameingia katika mpango kama yalivyo. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu na mkondo hutibua tope la chini. Wakati wa maji mafu tope hutulia na maji ya chumvi hupenya chini ya maji matamu yaliyo mepesi. Sehemu nyingine tulikuta juu maji karibu matamu na chini maji yaliyokolea chumvi, na chupa iliyotekwa kwa kuinama kutoka ubavuni mwa chombo isingejua habari za maji ya chini.

Wakulima wa mpunga wa upande wa kaskazini wa delta wanaufahamu mpaka wa chumvi kwa usahihi, maana ukisogea kidogo shamba linakauka. Tutawaomba watuonyeshe mpaka huo katika kila msimu, na majina yao ya matawi na vijito ndiyo yatakayotumika kwenye ramani yetu.

Agosti

Mwezi huu tumechora upya, kwa ajili ya sura ya mwisho ya mwongozo, maumbo ya ugawanyaji wa metali katika ghuba ya San Francisco. Nimeichagua kwa sababu imechunguzwa kwa muda mrefu kwa mbinu safi, hasa tangu utafiti wa Russell Flegal na wenzake uliochapishwa mwaka 1991 na mpango wa ufuatiliaji wa eneo zima ulioanza mwaka 1993, na kwa sababu umbo lake linafanana na delta yetu katika jambo moja muhimu. Upande wa kaskazini wa ghuba hiyo unalishwa na mito ya Sacramento na San Joaquin, na chumvi hupanda kutoka sifuri hadi ya bahari kama inavyofundishwa darasani. Upande wa kusini hauna mto mkubwa. Ni maji ya bahari yaliyoingia kwenye mfuko, na wakati wa kiangazi yanaweza kukaa humo kwa miezi, yakipokea maji yaliyotibiwa kutoka mitambo ya majitaka ya miji inayouzunguka.

Matokeo ni kwamba mstari mmoja wa mchanganyiko hauwezi kuuelezea mwili wote wa maji hayo. Madini ya fedha yalionyesha jambo hili waziwazi kuliko metali nyingine: kusini yalikuwa juu sana ukilinganisha na maji ya Pasifiki nje ya ghuba, kwa sababu viwanda vya picha na vya elektroniki viliyamwaga katika majitaka. Karibu na mdomo wa mtambo wa Palo Alto, watafiti wa Idara ya Jiolojia ya Marekani, akiwemo Samuel Luoma, waliwafuatilia kombe wadogo wa kwenye tope tangu miaka ya 1970. Shaba na fedha zilizokuwa mwilini mwao zilipopungua katika miaka ya 1980 baada ya usafishaji wa majitaka kuboreshwa, viungo vya uzazi vya kombe hao, vilivyokuwa vimedumaa, vilianza tena kukomaa. Nimeuweka ushahidi huo katika mwongozo kwa furaha, kwa kuwa ni nadra kuona namba za nanogramu zikigeuka kuwa viumbe wanaozaa.

Gadoliniamu ina habari tofauti. Hutumika hospitalini kama dawa ya kung'arisha picha za sumaku, hutoka mwilini kwa mkojo, hupita kwenye mitambo ya majitaka bila kuzuiwa, na katika kusini mwa ghuba hiyo iliongezeka sana kati ya miaka ya 1990 na 2013. Haishikamani na udongo kwa urahisi, kwa hiyo hufuata maji na inaweza kutumika kuonyesha maji ya mjini yamefika wapi. Kwa Rufiji haitatusaidia sana. Kwa hori ya Msimbazi, jijini Dar es Salaam, inaweza kutusaidia, na tumeiweka katika orodha ya awamu ya baadaye.

Shaba ya kusini mwa San Francisco inafundisha kitu kingine ambacho sikutaka kiachwe. Kiwango cha kulinda viumbe wa maji ya chumvi kilikuwa mikrogramu 3.1 kwa lita, na maji ya huko yalikuwa yakikizidi, lakini viumbe hawakuonyesha sumu iliyotarajiwa. Vipimo vilionyesha kwamba karibu shaba yote iliyoyeyuka ilikuwa imefungwa na dutu zenye asili ya viumbe hai, na ayoni iliyo huru, ambayo ndiyo inayoua mwani, ilikuwa kidogo mno. Sehemu ile ya kusini kabisa ikapewa kiwango chake cha 6.9, pamoja na masharti ya kuendelea kuzuia vyanzo. Katika kuvizuia, California ilipitisha sheria mwaka 2010 inayopunguza shaba katika pedi za breki za magari hadi chini ya asilimia 5 ifikapo 2021 na asilimia 0.5 ifikapo 2025, kwa kuwa vumbi la breki husombwa na mvua hadi ghubani. Maji ya mikoko yana dutu nyingi za majani yaliyooza, na ni busara kutarajia kwamba shaba yetu nayo imefungwa kwa sehemu kubwa. Matarajio hayo hayataandikwa kama jibu, yatapimwa.

Septemba

Mpango wa Rufiji umegawanywa sehemu mbili, kwa kufuata maji yenyewe. Kaskazini, ambako matawi yanabeba sehemu kubwa ya maji ya mto, tutachora metali dhidi ya chumvi kutoka sifuri hadi 35. Kusini, ambako hori nyingi zinajaa na kupwa kwa maji ya bahari na kupata maji machache ya mto, chumvi itakuwa juu karibu kila mahali na mstari hautakuwa na urefu wa kutosha kusemea lolote. Huko tutateka kwa saa, kituo kimoja, tangu maji yakijaa hadi yakishapwa. Tope la mikoko halina oksijeni chini ya ngozi yake ya juu, na ndani yake manganizi na chuma vilivyokuwa vigumu hugeuka na kuyeyuka. Maji yanayonyonywa kutoka kwenye tope wakati wa kupwa huvichukua. Tukiona manganizi ikipanda kadiri maji yanavyopwa, huku uchumvi ukibaki ule ule, tutajua chanzo ni tope, na wala si mto.

Risasi nayo itapimwa kusini na kaskazini. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini San Francisco imeonyesha kwamba risasi iliyokwisha kuingia kwenye tope huendelea kurudi majini muda mrefu baada ya chanzo kufungwa.

Kinachotupa kazi zaidi sasa ni ncha ya mto. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto Rufiji na lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa la ukubwa huo huzuia udongo, husawazisha maji ya masika na ya kiangazi, na, maji yake ya chini yakikosa oksijeni, huweza kuyeyusha manganizi na chuma na kuvishusha mtoni. Kwa hiyo maji ya mto hayawezi kuchukuliwa kuwa na kiwango kimoja cha mwaka mzima. Ncha ya mto ikibadilika haraka kuliko maji yanavyosafiri kupita katika delta, mstari wa mchanganyiko hupinda hata kama hakuna kitu kilichoongezwa wala kuondolewa, na mtafiti anaweza kuusoma mpindo huo kama ushahidi wa uchafu. Dawa yake ni kuiteka ncha ya mto mara kwa mara, kuanzia majuma kadhaa kabla ya kila safari ya delta hadi siku ya safari yenyewe.

Kituo cha ncha hiyo kimewekwa karibu na Utete. Daraja la Mkapa lingekuwa rahisi zaidi kufika, lakini chuma, magari na maji yanayotiririka kutoka barabarani yameliondoa katika orodha. Fundi atakayekaa Utete ameshachaguliwa, chupa zake zimo katika asidi, na sura ya usafi ndiyo anayoisoma sasa. Ncha ya bahari itatekwa nje ya mdomo wa delta, upande wa mashariki ya kisiwa cha Mafia, mbali na maji yanayosukumwa na pepo za kusi kufuata pwani. Safari ya kwanza ya metali itafanyika wakati wa maji mafu, na ya pili kwenye bamvua linalofuata, kwa ngazi zile zile za uchumvi.